Meno Manne Kutoka Bujumbura

Naandika haya kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika shavu. Shavu haliumi tena, ni mazoea tu. Tulipokuwa wodini, mwenzangu wa kitanda cha jirani aliniambia kwamba nikipona niwaeleze wanawake wanaofunga mizigo kwenda nchi za watu kutengenezwa sura, maana wanaorudi salama ndio wanaosikika, na wengine tunajifungia ndani. Nilimwahidi kwa kutikisa kichwa, kwa kuwa siku hizo mdomo ulikuwa haufunguki. Sasa unafunguka. Ila nawaambia mapema, yapo mambo ambayo mpaka leo sijayaelewa, na sitajifanya nimeyaelewa ili hadithi ipendeze.

Mimi nilizaliwa Maganzo, karibu na mgodi wa almasi, na sisi tuliokunywa maji ya visima vya kule tangu utotoni tunajuana kwa meno. Ni ya kahawia na yana madoa, kama sufuria iliyochemshiwa chai miaka kumi bila kusuguliwa. Nyumbani hakuna aliyeyashangaa. Mama anayo, marehemu baba alikuwa nayo, na mdogo wangu Masanja, niliyembeba mgongoni mpaka akawa mzito kuliko mimi, anayo kuliko sisi wote. Aibu niliijua nilipoolewa mjini Shinyanga na kupata kazi ofisi ya posta na simu.

Kazi yangu ilikuwa kuunganisha simu za mbali. Ukitaka kuongea na Tabora au Mwanza miaka ile, unaomba kwetu, unasubiri, mimi nachomeka waya na kukuambia, "Haya, ongea." Sauti yangu ilisifiwa. Nasema bila kujisifu, au basi, kwa kujisifu kidogo, maana sina kingine. Kulikuwa na karani mmoja wa pamba wa Kahama ambaye alizoea kusema hata simu isipopatikana hajali, mradi amenisikia. Siku moja akaja mjini, akapita ofisini na kikapu cha mchele kumshukuru mwenye sauti. Nikatoka, nikacheka. Nikaona macho yake yanashuka mpaka mdomoni kwangu, yanabaki pale. Aliniachia mchele, akaaga kwa adabu, na tangu siku hiyo simu zake zikawa fupi.

Msinielewe vibaya. Nilikuwa mke wa mtu, sikumtaka karani wala mchele wake. Lakini niliumia, nikaanza kucheka nimeziba mdomo kwa kiganja. Mwaka uliofuata mkuu wa ofisi akaniita, akanipa habari aliyodhani ni njema: baada ya miezi miwili nitahamishwa kutoka kwenye mitambo, niwekwe dirishani kuhudumia watu. Mwenzangu angepika pilau. Mimi nililia chooni.

Aliyenifuta machozi ni Masanja. Yeye alikuwa mchimbaji wa dhahabu, yuko kwenye mashimo ya upande wa Kharumwa na wakati mwingine karibu na Geita, na kila alipopita mjini alilala kwangu. Akaniambia kule machimboni wapo waliorudi kutoka Bujumbura midomo inang'aa. Kule kuna fundi anavalisha meno dhahabu, na utaratibu wake ni kama wa sonara: unakwenda na dhahabu yako mwenyewe, anaiyeyusha ukiona, anakutengenezea. Safari iliyofuata Masanja akaniletea kiberiti. Ndani hakukuwa na njiti, kulikuwa na kipande cha dhahabu kidogo kuliko punje ya mahindi. "Dada, ulinibeba," alisema. "Kacheke na wewe."

Hapa lazima niwaeleze wadogo zangu mliozaliwa juzi. Dhahabu wakati ule iliuzwa serikalini tu. Kuivusha mpaka ilikuwa jela, kwako na kwa aliyekupa. Nililijua hilo vizuri. Nikakaa kwenye cherehani ya mume wangu alipokwenda kuswali Ijumaa, nikaishonea ile dhahabu ndani ya pindo la kitenge.

Mume wangu, Baba Zainabu, ni fundi cherehani, watu wao ni wa Ujiji, na shangazi yake aliishi Bujumbura miaka mingi. Nilimwambia naenda kumsalimu shangazi na kutafuta sabuni na vitenge, kwa kuwa madukani kwetu hakukuwa na kitu. Haukuwa uongo wote. Binti yetu Zainabu, wa miaka sita, alikuwa Maganzo kwa bibi yake, alikolelewa tangu alipoachishwa ziwa kwa sababu ya zamu zangu za kazi. Basi sikuwa na wa kunishika miguu. Nilipanda basi mpaka Kahama, malori mpaka Ngara, nikavuka na wanawake wa biashara.

Kuhusu fundi yule, nimejiuliza mara nyingi nilichokiona na nilichokitaka kukiona. Kilikuwa chumba nyuma ya duka, na kiti cha kinyozi. Alikuwa mtu mpole, wa makamo, ana koti jeupe. Asubuhi alinawa mikono kwenye beseni. Kama alinawa tena kabla yangu, sikumbuki. Shangazi alinifikisha, akaenda sokoni. Kiswahili chake fundi kilikuwa cha kuungaunga na mimi Kifaransa sikijui, Kirundi sikijui, kwa hiyo tuliongea kwa vidole. Nilimwonyesha jino la juu upande wa kushoto, lile linalofuata chonge. Lilikuwa na tundu na lilikuwa likiniuma nikinywa maji ya baridi. Alitikisa kichwa, nami nikatikisa changu. Mimi nikachukulia kwamba amesema atalishughulikia. Labda alikuwa amesema nitulie.

Alinichoma sindano, sikuuliza ya nini. Akasaga meno manne kwa kidude kinachozungushwa kwa kukanyaga pedeli ya mguu, kama cherehani ya Baba Zainabu kabisa, na nakumbuka nilipata faraja ya kijinga kwa mlio ule wa nyumbani. Ilichukua siku tatu. Dhahabu aliiyeyusha mbele ya macho yangu, na chembe iliyobaki akaniviringishia kwenye karatasi, akanirudishia. Akanipa vidonge vyeupe kwenye kipande cha gazeti. Sikupewa cheti, wala jina la dawa, wala jina lake. Nikatazama kioo. Jamani, nilipendeza.

Nilirudi nacheka. Kwa muda wa wiki tatu hakuna mwanamke mjini Shinyanga aliyekuwa na mdomo kama wangu, na nilipowekwa dirishani watu walikuwa wananunua stempu wasizozihitaji. Mama yangu alikuja kuniona, akashika kidevu changu akanigeuza huku na huku kama anayenunua mbuzi, akasema kwa Kisukuma kwamba nimekuwa mtu mwingine, na sikujua kama ni sifa. Baba Zainabu alishona siku mbili bila kuinua kichwa. Siku ya tatu alizima taa ya cherehani, akaniuliza dhahabu ilitoka kwa nani. Nikamwambia. Akasema, "Mama Zainabu, umeniletea kesi mdomoni."

Haukupita mwezi nikaelewa alichosema. Ulianza ule msako wa wahujumu uchumi. Wakubwa wenzangu mnaukumbuka. Watu walikuwa wanatupa sabuni na mabati, wanafukia redio, mtu anatazama godoro lake mwenyewe kwa woga. Baba Zainabu alivizika vitenge vyangu vya Bujumbura chini ya banda la kuku. Lakini mdomo utauzika wapi? Kiganja changu kikarudi mdomoni. Nilivuka mpaka wa nchi ili nisizibe mdomo, nikarudi kuuziba kwa sababu nyingine.

Maumivu yalianza wiki hiyohiyo, kwenye jino lile la pembeni. Kwanza lilikuwa linagonga taratibu, kama mtu mwenye adabu mlangoni. Halafu shavu likavimba, jicho la kushoto likafumba. Kwenye zahanati walinichoma zile ninazoziita sindano za kwanza, siku tano, asubuhi na jioni. Mganga wa zahanati aliniuliza meno nilitengenezewa wapi. Nikasema Mwanza, zamani, kwa Mhindi mmoja ambaye amehama. Uongo ulitoka laini kama simu ya Tabora siku isiyo na mvua. Moyoni nilimwona Masanja amefungwa pingu, ndiyo maana ulitoka.

Sindano za kwanza zilifaa wiki moja. Uvimbe ukashuka, nikashukuru Mungu, kisha ukarudi na homa. Mama akaja akanichukua mpaka Maganzo. Kwake jambo lilikuwa wazi: nimepanda cheo, nimevaa dhahabu, nimehusudiwa. Tukaenda kwa mfumu, mganga wa kwetu, akatazama, akaona jicho la mtu, tena mwanamke, tena wa karibu, wa kazini. Nikaanza kuwahesabu wenzangu mmoja mmoja. Alinikanda kwa majani machungu, na msinicheke, uvimbe ulishuka tena, wiki nzima. Nilichanganyikiwa kweli. Kila kitu kilinifaa wiki moja. Sindano zilifaa, majani yalifaa, aspirini ilifaa, dua ya shehe ilifaa. Kisha kila kitu kikaacha kunifaa. Asubuhi moja, wakati watu wanachuma pamba, niliamka mto umelowa. Shavu lilikuwa limetoboka lenyewe, kitundu kidogo tu, na usaha unatoka na harufu ambayo niliijua ni yangu lakini sikuikubali.

Zainabu alikuwa amekaa mlangoni. Yeye naye meno yake ya utoto yalikuwa yanang'oka wakati huohuo, na kila likitoka alilirusha juu ya paa ili apewe jipya, kama watoto wote. Alinitazama shavuni, akauliza kama jino langu linapitia pale.

Hospitali kubwa ilikuwa safari ya siku nzima kutoka nyumbani. Sitaitaja, haikunikosea kitu. Aliyekosea ni mimi. Kwenye benchi la meno tulikuwa tunakaa kwa foleni, na wa mbele akiingia sisi wote tunasogea nafasi moja bila kusimama, kwa makalio, kuanzia saa moja asubuhi. Baada ya wiki mbili nilikuwa nalijua benchi lile, msumari wake uko wapi na ubao wake uliolegea uko wapi. Aliyekuwa akisogea kando yangu ni Mama Neema, mkulima wa Magu, mwenye uvimbe chini ya taya. Ndiye niliyemtaja mwanzoni. Alinishikia kitambaa nilipotapika, na hakunitazama shavuni hata mara moja mpaka nilipomtazamisha mwenyewe.

Daktari alikuwa kijana, mnene kidogo, anaongea polepole. Alitazama meno yangu manne, akagonga moja moja kwa kijiti cha chuma. Akauliza nani alivalisha, lini, jino lilikuwaje kabla, nilipewa dawa gani. Nikamjibu kwa yule Mhindi wangu wa Mwanza. Akasema anataka kuivua dhahabu aone. Nikakataa. Ndani ya kichwa changu mlikuwa na picha moja tu: dhahabu inawekwa kwenye sahani ya serikali, mtu anaandika, mtu mwingine anauliza imetoka wapi, na gari linakwenda Kharumwa kumchukua mdogo wangu. Nakiri pia kwamba palikuwa na sauti ndogo pembeni iliyokuwa ikisema, utabaki na nini sasa ukivuliwa? Hata shavu limeoza, mimi bado nilikuwa nawaza kupendeza. Mwanadamu sijui tumeumbwaje.

Basi akanilaza, akanipa sindano za pili, kisha za tatu. Kati ya za pili na za tatu mvua za vuli zilianza, na taya langu likakaza. Nilikuwa naweza kufungua mdomo kwa upana wa kidole kimoja, kisha nusu ya kidole. Sauti ikawa inapita kwenye meno kama ya mtu anayeongea ndani ya gunia. Baba Zainabu alikuja kila Jumapili ya pili, ananinywesha uji kwa mrija, hatuongei. Siku moja aliniambia amepiga simu kutoka ofisini kwetu na sauti iliyomuunganisha ni ya msichana mpya. Alisema ana sauti nzuri. Nadhani hakujua alichonifanyia, au alijua, sikuwa na mdomo wa kumuuliza.

Usiku homa ikipanda nilisikia simu. Tabora inaita, Mwanza inaita, Bujumbura inaita kwa lugha nisiyoijua, na mimi nimeshika waya sioni tundu la kuchomeka. Mama Neema aliniambia nilikuwa nikisema, "Subiri, subiri, laini haijatoka." Asubuhi moja aliketi ukingoni mwa kitanda changu, akaniambia ameshaona watu wanaumwa na ameshaona watu wanaficha, na kwamba mimi ni wa pili. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema, akarudi kulala. Nikageukia ukutani. Nilikuwa najua kwamba ama taya langu litaokolewa ama Masanja atabaki huru, na nilikuwa nimeshachagua. Nilijiona shujaa. Sasa nikikumbuka naona zaidi ni mjinga aliyekuwa na homa, lakini siku ile yote mawili yalifanana.

Aliyekwenda kumwambia Masanja ni mume wangu. Alifunga kibanda chake siku ya soko, jambo asilolifanya hata alipofiwa na baba yake, akaenda mpaka machimboni kumtafuta shimo kwa shimo. Sikuyajua hayo. Nilichokiona ni saa ya kutazama wagonjwa, jioni, Masanja anaingia wodini ana vumbi jekundu mpaka kwenye kope, kofia mkononi. Hakuja kitandani kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa daktari, aliyekuwa akimkagua mgonjwa wa kitanda cha tatu.

"Shikamoo, daktari," alisema, kwa sauti wodi nzima ikasikia. "Dhahabu iliyo mdomoni mwa dada yangu ni yangu. Niliichimba mimi, nikampa mimi, akavuka nayo. Nifungeni mimi, mumtoe huo ugonjwa."

Daktari alimtazama, kisha akanitazama mimi. Hakukasirika. Alionekana amechoka tu.

"Sikuuliza dhahabu ni ya nani," alisema. "Miezi miwili sasa namuuliza chini yake kuna nini."

Nililia mpaka kile kitundu cha shavuni kikauma. Miezi miwili nilikuwa nalinda mlango ambao hakuna aliyetaka kuingia. Au labda angekuwa daktari mwingine, siku nyingine, wangekuja kweli kumchukua. Wapo waliochukuliwa kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Hilo nalo sijui. Nilimweleza yote kwa meno yaliyofungwa, lile tundu, maji ya baridi, kusagwa kwa pedeli, vidonge kwenye gazeti. Aliandika mistari kama minne. Nilichungulia. Neno dhahabu halikuwemo.

Kesho yake walinipasua. Jino bovu lilikuwa limefunikwa zima zima na uozo wake ndani, likazibwa lisipumue, na uozo ukatafuta njia kwenye mfupa. Niliamka sina meno matano ya juu upande wa kushoto na kipande cha mfupa wa taya. Ile dhahabu daktari aliifunga kwenye kitambaa cha kidonda, akamkabidhi Masanja kama anayemrudishia mtu saa yake.

Masanja aliipima. Wachimbaji hawawezi kukaa na dhahabu bila kuipima. Aliisugua kwenye kijiwe chake, akadondoshea asidi, akangoja. Nilikuwa nimeketi kitandani nyumbani, namtazama, na naomba kwa moyo wangu wote iwe shaba. Nilitaka yule fundi awe mwizi. Ningepata mtu wa kumchukia, ningelala usingizi.

"Ni safi, dada," alisema. "Hajakuibia hata chembe."

Mpaka leo jambo hili linanisumbua kuliko taya. Mtu mwaminifu kiasi cha kurudisha chembe kwenye karatasi, na huyohuyo akafunika jino linalooza. Je, hakuona? Aliona akadhani nimemwambia aendelee? Nilipotikisa kichwa, nilikubali nini? Siwezi kurudi kumuuliza, na hata nikirudi, tutaongea kwa vidole tena.

Nilipona polepole, msimu kwa msimu. Taya lilifunguliwa kwa vijiti. Daktari alinipa vijiti vya mbao vyembamba, vile vya kukandamizia ulimi, niviweke katikati ya meno yaliyobaki, na kila taya likilegea niongeze kimoja. Mvua za masika zilinikuta na vijiti vinne. Mtama ulipotoa masuke nilikuwa na saba. Baba Zainabu ndiye aliyekuwa akiviingiza, asubuhi na jioni, machozi yananitoka na yeye anatazama dirishani ili asiyaone. Pale ndipo tulipoanza kuongea tena, maana huwezi kumwekea mtu vijiti mdomoni mara mbili kwa siku na mkaendelea kununiana. Alinishonea mitandio saba, kila siku ya juma na wake, yote imekatwa ili iangukie shavu la kushoto. Sikumwomba. Nilipofikisha kijiti cha kumi na mbili nilimfungulia mdomo wote, akacheka, akasema yatosha, usije ukanimeza.

Ofisini walinirudisha kwenye mitambo. Sauti yangu ina mluzi kidogo kwenye baadhi ya maneno, na wateja wa zamani walidhani ni hitilafu ya laini. Mama Neema alirudi kwao Magu na kovu chini ya taya. Nilimpigia simu mara moja kupitia kituo cha misheni, tukakaa kwenye laini tunacheka tu.

Wewe unayefunga mzigo, sitakwambia usiende. Mimi ningeambiwa nisingesikia. Ila ukikaa kwenye kiti cha mtu ambaye lugha yake huijui, tafuta wa kukutafsiria kabla hujafumbua mdomo. Omba karatasi iliyoandikwa ulichofanyiwa na dawa uliyopewa, hata kama huwezi kuisoma, kuna atakayeisoma. Na ukirudi ukaumwa, mwambie daktari ukweli wote siku ya kwanza. Aibu na hofu ziache nje kwenye benchi.

Sasa lile kovu. Kile kitundu cha shavuni kilipofunga, kilivuta ngozi ndani, kikaacha kishimo. Nikicheka kinaingia. Wasionijua wanakipenda. Muuza vitunguu mmoja aliniambia Mungu alinichora akiwa na nafasi. Mara ya kwanza nilirudi nyumbani nikamsimulia Baba Zainabu, hatukujua tucheke au tufanye nini.

Zainabu amemaliza darasa la saba mwaka huu, amekuja kukaa nasi. Ni mrefu, anajua kuimba, na meno yake ni ya Maganzo, ya kahawia kama yangu ya zamani. Anacheka amefunika mdomo kwa kiganja. Nilipoiona ile ishara niliingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Juzi tulikuwa uani tunachambua mchele. Akaniuliza kama yule fundi wa Bujumbura bado yupo. Nikasema sijui. Akasema hataki meno, meno ameshayazoea. Wasichana wenzake wamemwambia ana mama mwenye kishimo kizuri, na kwamba huko nje kuna watu wanaotoboa vishimo vya mashavuni.

"Nataka kimoja tu, mama," alisema nyuma ya kiganja. "Kama chako."

Hakujua. Tulimwambia mama aliumwa jino, na yeye alikuwa mtoto, kile kitundu alikisahau, na mitandio ilifanya kazi yake vizuri mno. Niliahidi kuwaeleza watu baki, mwanangu mwenyewe nimemfichia miaka yote hiyo.

Niliweka ungo chini. "Umeuliza chini yake kuna nini?" nikamwambia. Nikamshika mkono, nikafungua mdomo, vijiti kumi na viwili, nikakiingiza kidole chake ndani, upande wa kushoto, juu, pale ambapo hakuna meno wala mfupa. Kidole kikaenda, kikaenda, kikakosa pa kugota. Kisha nikabonyeza kile kishimo kwa nje kwa kidole changu, vikakutana, chake na changu, katikati ngozi tu.

Hakukitoa haraka. Alinitazama, midomo yake ikafunguka yenyewe, na kile kiganja kingine kikaanguka mapajani. Tukakaa hivyo uani, kuku wanadonoa mchele wetu, meno yake yote nje na pengo langu lote nje, na hakuna aliyeziba.